Maji ya karafuu, vidonge vya kolesteroli na moyo wa mama

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mama yangu ana miaka 58 na anaishi Wete, Pemba. Presha anayo tangu zamani. Mwezi uliopita alipimwa mafuta ya damu (kwa milimoli kwa lita): kolesteroli jumla 6.8, LDL 4.6, HDL 1.1 na trigliseraidi 2.3. Ameandikiwa atovastatini miligramu 20 kila usiku. Jirani yetu amemshauri aache vidonge na badala yake anywe maji ya karafuu kila asubuhi, kwa kuwa karafuu inaongoza duniani kwa antioksidanti (vitu vinavyozuia mafuta kuharibiwa na oksijeni) na husafisha mafuta yote yaliyoganda kwenye mishipa. Mama ameshaanza kuchemsha. Je, maneno hayo ni ya kweli? Na kama polifenoli, hizo antioksidanti za mimea, zina faida kwa moyo, ale na anywe nini hasa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kwa kuwa sufuria imeshabandikwa jikoni, nitatanguliza jibu kabla ya sababu zake: mama asiache vidonge. Maji ya karafuu akiyapenda, anywe kikombe kimoja kwa siku kama kinywaji, hayatamdhuru. Lakini asiyahesabu kuwa ni dawa ya kushusha ile LDL ya 4.6, yaani kolesteroli inayodhuru mishipa. Jirani yenu hakusema uongo kwa makusudi. Ameshika jambo moja la kweli, nalo ni wingi wa polifenoli katika karafuu, akaliunganisha na jambo jingine ambalo halitokani na la kwanza. Muungano huo ndio ninaotaka kuufungua, kwa sababu nauona kila msimu, na kila mara kuna mzee aliyekwisha kuweka vidonge vyake kabatini.

Tuanze na lile la kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walichapisha orodha ya vyakula 100 vyenye polifenoli nyingi kuliko vingine, kwa kutumia hazina yao ya takwimu iitwayo Phenol-Explorer. Karafuu kavu ilikuwa ya kwanza: kiasi cha gramu 15 za polifenoli katika kila gramu 100. Unga wa kakao, ambao husifiwa sana, haukufika hata gramu 4. Kwa mtu wa Pemba, aliyekulia kwenye harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini, hiyo ni habari ya kufurahisha, nami niliifurahia nilipoisoma.

Lakini hakuna anayekula gramu 100 za karafuu. Mwambie mama ahesabu karafuu kumi kwenye kiganja chake; uzito wake ni kama gramu moja. Hata kama kila kilichomo kingetoka na kuingia katika maji, angepata polifenoli zipatazo miligramu 150. Sasa angalia hazina ile ile inasema nini juu ya chai nyeusi isiyo na kitu: takriban miligramu 100 katika kila mililita 100. Kikombe kimoja cha chai ya rangi, ile anayokunywa kila siku bila ya kuiita dawa, kinamfikisha pale pale zinapomfikisha karafuu kumi. Kahawa inamfikisha mbali zaidi, kwani ina zaidi ya miligramu 200 katika mililita 100.

Kisha kuna suala la aina. Chukua karafuu mpya iliyokauka vizuri, ibonyeze kichwani kwa ukucha. Utaona unyevunyevu wa mafuta umetokeza ukuchani, na harufu itapanda papo hapo. Hayo mafuta kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya zile gramu 15. Yujenoli huruka na mvuke. Ndiyo maana mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale kiwandani Wawi hupatikana kwa kupitishwa mvuke. Basi mama anapochemsha karafuu katika sufuria iliyo wazi mpaka nyumba nzima inanukia, sehemu ya kile anachokitafuta imeshakwenda darini.

Hivyo ndivyo ilivyo hesabu ya jikoni. Hesabu ya ndani ya mwili ni ndefu zaidi, na hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Kolesteroli haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo husafirishwa ikiwa imepakiwa pamoja na protini katika chembe ndogo sana. LDL ni kama majahazi yanayotoka kwenye ini na shehena kuipeleka viungoni. HDL hukusanya iliyobaki na kuirudisha. LDL inapozidi katika damu, baadhi yake hupenya ukuta wa ndani wa ateri na kukwama humo. Ikikaa, mafuta yake huungana na oksijeni na kuharibika, kama yanavyobadilika harufu mafuta ya nazi yaliyoachwa wazi juani. Huko ndiko kuoksidishwa. Chembe nyeupe za damu ziitwazo makrofeji huiona LDL iliyobadilika hivyo kuwa ni kitu kigeni, huimeza bila ya kushiba, hujaa mafuta mpaka chini ya hadubini huonekana kama povu. Chembe hizo zikilundikana huanza uvimbe wa mafuta katika ukuta wa mshipa, na uvimbe huo ukija kupasuka damu huganda juu yake, na aliye na bahati mbaya hupata shambulio la moyo au kiharusi.

Brown na Goldstein wa Texas, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya LDL, walionyesha mwaka 1979 kwamba makrofeji humeza kwa wingi LDL iliyobadilishwa kikemia. Mwaka 1989 Daniel Steinberg wa California na wenzake waliipanga hoja nzima: kuoksidishwa kwa LDL ni hatua kubwa katika kuziba kwa mishipa. Kutoka hapo wazo likaja lenyewe, na lilikuwa wazo zuri. Kama kuoksidishwa ndiko kunakoleta madhara, basi mpe mtu kitu kinachozuia kuoksidishwa, nacho ndicho antioksidanti, naye atapona.

Wazo hilo lilijaribiwa, tena kwa upana. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao HOPE, wa watu zaidi ya 9,500 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Waliopewa vitamini E, ambayo ni antioksidanti yenye nguvu inayosafiri ndani ya LDL yenyewe, hawakupata nafuu yoyote juu ya wenzao baada ya miaka minne na nusu. Miaka miwili baadaye yakatoka ya Uingereza, na huu ndio utafiti ambao ningependa jirani yenu ausikie wote. Watu 20,536 waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa kila siku vitamini E, vitamini C na betakarotini kwa muda wa miaka mitano, na nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Vipimo vilionyesha kwamba vitamini zilipanda kweli katika damu yao. Vifo havikupungua. Mashambulio ya moyo hayakupungua, wala kiharusi. Katika utafiti huo huo watu wale wale waligawanywa tena kwa namna nyingine: nusu walipewa simvastatini miligramu 40, dawa iliyo ndugu wa hiyo ya mama, na miongoni mwao mashambulio ya moyo na viharusi vilipungua kwa karibu robo.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Kuzuia kuoksidishwa kwa vidonge vya antioksidanti hakukusaidia kitu. Kupunguza idadi ya majahazi ya LDL yanayofika kwenye ukuta wa mshipa kulisaidia. LDL ikiwa chache, ya kukwama ni chache na ya kuoksidishwa ni chache. Steinberg hakukosea kuhusu namna mshipa unavyoharibika. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kinachozuia kuoksidishwa ndani ya kichupa cha maabara kitafanya kazi hiyo hiyo ndani ya ukuta wa ateri.

Na polifenoli? Habari zake zina ugumu wa ziada. Sehemu kubwa ya polifenoli tunazokula haiingii kabisa katika damu kwa umbo lake la asili. Utumbo na ini huzigeuza mara moja na kuzitayarisha zitolewe kwa mkojo. Zinazobaki hushuka kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja zikawa vitu vingine. Kiwango kinachoonekana katika damu baada ya mlo kwa kawaida ni kidogo mno, wala hakikai kwa saa nyingi. Wakati huo huo damu yenyewe ina asidi ya yuriki, ambayo nayo ni antioksidanti, kwa kiasi kinachozizidi polifenoli mara mia au zaidi. Watafiti wawili wa Oregon, Lotito na Frei, walieleza jambo ambalo liliwashangaza wengi: mtu akila matofaa ya kizungu (epo), uwezo wa damu yake wa kuzuia kuoksidishwa hupanda kweli, lakini kinachoupandisha ni asidi ya yuriki inayotokana na sukari ya tunda. Polifenoli za tofaa hilo mchango wake ni mdogo. Idara ya Kilimo ya Marekani nayo iliwahi kuwa na jedwali la nguvu za antioksidanti za vyakula, lililoitwa ORAC, ambamo viungo kama karafuu vilikuwa juu kabisa. Mwaka 2012 waliliondoa, kwa sababu wauzaji walilitumia kutangaza bidhaa zao ilhali namba za maabara haziwezi kutafsiriwa kuwa ni faida katika mwili wa mtu. Matangazo mengi tunayotumiwa kwenye simu bado yanalitegemea jedwali hilo.

Usifahamu kutokana na hayo kwamba polifenoli hazina kazi. Zinayo, ila hupita njia nyingine. Ukuta wa ndani wa mshipa hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo hulegeza mshipa na kuupanua. Ugunduzi wa kazi ya hewa hiyo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Flavanoli za kakao na za chai, ambazo ni aina ya polifenoli, huusaidia mshipa kutoa hewa hiyo, na hili limepimwa kwa watu walio hai, kwa kutazama mshipa wa mkono unavyopanuka. Zipo pia polifenoli ambazo huiamsha mashine ya ulinzi ya chembe zenyewe, mwili ukajitengenezea vimeng'enya vyake vya kupambana na kuoksidishwa. Kwa hiyo kiasi kidogo kinachofika kwenye damu kinaweza kuwa kama barua yenye amri, ingawa hakitoshi kuwa jeshi.

Upo hata ushahidi wa LDL yenyewe. Mwaka 2006 wanaume 200 wenye afya katika nchi tano za Ulaya walipewa mililita 25 za mafuta ya zeituni kila siku kwa awamu za wiki tatu. Mafuta yalikuwa ya aina tatu, yenye polifenoli chache, za kati na nyingi. Kadiri polifenoli zilivyozidi, ndivyo LDL iliyooksidishwa ilivyopungua na HDL ilivyopanda kidogo. Kwa ushahidi wa namna hiyo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali mwaka 2011 kwamba polifenoli za mafuta ya zeituni husaidia kulinda mafuta ya damu yasioksidishwe. Neno ni kulinda. Kiwango cha LDL katika damu ni jambo jingine, na hicho ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi ya mama.

Kwa upande wa kakao, utafiti wa COSMOS wa Marekani uliotoka mwaka 2022 uliwafuata watu 21,442 kwa zaidi ya miaka mitatu. Waliopewa flavanoli za kakao miligramu 500 kila siku hawakupata upungufu wa kuaminika katika jumla ya matukio ya moyo na mishipa, ambalo ndilo lilikuwa swali kuu. Vifo vya ugonjwa wa moyo na mishipa vilionekana kupungua kwa zaidi ya robo, na hilo linatia moyo, lakini lilikuwa jambo la pembeni katika utafiti na linahitaji kuthibitishwa. Nazitaja namba hizi ili uone hali ilivyo kwa uaminifu: pana dalili njema, na hakuna hata moja inayomruhusu mtu kuacha dawa.

Tulinganishe sasa kwa vipimo vya mama mwenyewe. Majaribio 14 ya chai ya kijani yalipojumlishwa mwaka 2011, LDL ilikuwa imeshuka kwa miligramu 2 hivi kwa desilita. Ukigeuza kuwa kipimo kilichotumika kwenye karatasi ya mama, hiyo ni kama 0.06. Yaani 4.6 inakuwa 4.5 na kitu. Atovastatini miligramu 20 kwa kawaida huishusha LDL kwa karibu asilimia 40, na 4.6 ikakaribia 2.8. Majaribio ya statini, jamii ya dawa za atovastatini na simvastatini, yaliyojumlishwa pamoja yanaonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 katika kipimo hicho, mashambulio ya moyo na viharusi hupungua kwa kiasi cha moja ya tano, na faida huongezeka kwa mtu ambaye tayari ana kitu kingine kinachomuweka hatarini. Mama ana presha. Yeye si mtu wa kufanyiwa majaribio ya sufuria.

Najua kinachomsumbua, kwa sababu wagonjwa wengi wameniambia maneno hayo hayo: hasikii kitu. Presha humuuma kichwa mara moja moja, lakini kolesteroli haiumi, na kidonge cha kitu kisichouma kinaonekana kama mzigo wa bure. Karafuu angalau inanukia, inachangamsha, na anaijua tangu utoto. Mzungumzishe hapo, kwa upole, kabla ya kumtajia namba.

Sasa ale nini. Hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu jiko la Pemba lina karibu kila kitu kinachohitajika, pamoja na vitu viwili vitatu vinavyotakiwa kupunguzwa.

Cha kwanza ni kunde na ndugu zake: mbaazi, choroko, maharage, fiwi. Majaribio 26 yaliyojumlishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba gramu 130 hivi za kunde zilizopikwa kila siku, ambazo ni kama upawa mmoja uliojaa, hushusha LDL kwa asilimia 5. Kazi hiyo hufanywa zaidi na nyuzinyuzi kuliko polifenoli, ila polifenoli nazo zimo humo humo, hasa kwenye maganda ya kunde nyekundu na choroko. Nasisitiza hili kwa kuwa mbaazi ni chakula cha asubuhi chetu tayari. Kinachobaki ni namna ya kuzipika.

Na hapo tunafika kwenye nazi. Mwaka 2020 yalijumlishwa majaribio 16 ya mafuta ya nazi, na ikaonekana kwamba, yakilinganishwa na mafuta ya mimea kama alizeti, yanapandisha LDL kwa kiasi cha miligramu 10 kwa desilita. Hiyo ni karibu mara tano ya kile kinachoshushwa na chai ya kijani. Tui si mafuta matupu, lina maji mengi, lakini mafuta yaliyomo ni yale yale. Simwambii mama apike mchuzi wa pweza bila nazi maisha yake yote. Najua siwezi kutiiwa, na wala hapana haja. Ninachopendekeza ni kasimile, lile tui la kwanza zito, liachwe kwa siku za wageni na sikukuu. Siku za kawaida mbaazi zichemshwe mpaka zilainike, zitiwe kitunguu maji kingi, tungule, thomu na bizari, kisha zimaliziwe kwa tui la pili, jepesi, kikombe kimoja kwa chungu kizima. Wali wa nazi usiwe wa kila siku. Samaki apikwe mchuzi wa ukwaju au achomwe. Kukaangwa katika mafuta mengi kusiwe ndiyo kawaida.

Kitunguu maji nimekitaja kwa makusudi. Katika mji wa Zutphen, Uholanzi, wazee wa kiume 805 walifuatwa kwa miaka mitano, na mwaka 1993 ikatangazwa kwamba waliokula flavonoidi (jamii ya polifenoli) nyingi zaidi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi. Flavonoidi hizo walizipata wapi? Kwenye chai, vitunguu na matofaa. Utafiti wa kuwatazama watu namna hiyo hauwezi kuthibitisha sababu, kwa maana anayekula mboga na matunda mara nyingi hutofautiana na mwenziwe kwa mengi mengine. Hata hivyo vyakula vyenyewe ni vya kawaida kabisa, wala hapana hasara ya kuvifuata. Kitunguu kisimenywe mpaka ndani sana, kwani kwesetini, ambayo ndiyo flavonoidi yake kuu, iko nyingi katika maganda ya nje yanayolika.

Mboga za majani, kisamvu, mchicha, matembele, ziwe nusu ya sahani. Matunda yapo ya kutosha kila msimu: maembe, mapera, machungwa, komamanga. Zambarau zikija, ale. Rangi ile inayobaki ulimini ni anthosiyanini, jamii ya polifenoli zilizomo pia katika matunda ya Ulaya yanayouzwa kwa bei ya juu; na mzambarau ni wa jenasi moja na mkarafuu, ingawa wachumaji wachache hulijua hilo. Atafune tunda lenyewe. Sharubati iliyotiwa sukari vijiko vingi itamwongezea trigliseraidi, na ile 2.3 yake imeshapita mpaka. Sukari ya chai, soda, mandazi na sahani ya wali mweupe iliyofurika ndivyo vitu vya kupunguza kwa ajili ya trigliseraidi, pamoja na kutembea nusu saa kila siku.

Kuhusu kahawa nakuomba uwe makini, kwani ni mfano mzuri kuliko yote wa hatari ya kuhesabu polifenoli peke yake. Kahawa ina polifenoli nyingi. Lakini buni ina pia mafuta yenye kafestoli, ambayo hupandisha LDL, nayo hutoka kwa wingi kahawa inapochemshwa na unga wake, kama inavyofanyika kwenye midila yetu. Chujio la karatasi huizuia karibu yote.  Finjani mbili za jioni hazina neno. Mwenye kunywa nane au kumi kwa siku, na hasa anayemaliza mpaka machicha, LDL yake inaweza kuwa inapanda kwa sababu ya kinywaji ambacho kwenye jedwali la antioksidanti kinasifiwa.

Chai ya rangi na aendelee nayo, akipenda na karafuu mbili, hiliki na kipande cha mdalasini. Kuna jaribio dogo la Berlin la mwaka 2007, la wanawake 16, lililoonyesha kwamba maziwa yanaondoa faida ya chai kwa mishipa. Mengine yamelipinga, nami simnyimi mtu maziwa kwa ushahidi huo. Ila kama nyumbani mna mjamzito au mwenye upungufu wa damu, chai inywewe saa moja au mbili mbali na chakula, kwa sababu polifenoli zake hushika madini ya chuma ya mboga na nafaka na kuyazuia yasiingie mwilini.

Yapo mambo manne ya hadhari ambayo sikubali kumaliza bila ya kuyasema.

Mafuta ya karafuu yale ya chupa ni kitu tofauti kabisa na karafuu kwenye chai. Yasinywewe. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta hayo vimewahi kumfanya mtoto wa miaka miwili azimie na ini lake liharibike. Karibu kila nyumba ya Pemba ina kichupa cha mafuta hayo kwa ajili ya jino; kiwekwe juu, mbali na watoto.

Yujenoli hupunguza kushikamana kwa chembe sahani za damu. Kwa mama, kwa kiasi cha chai, haidhuru. Kama kuna mtu anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anangojea kufanyiwa upasuaji, asinywe maji mazito ya karafuu kila siku bila ya kumwambia daktari wake.

Balungi halipatani na atovastatini. Lina vitu viitwavyo furanokumarini, ambavyo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa hiyo, dawa ikapanda katika damu na misuli ikaweza kuumia. Machungwa matamu na machenza hayana shida. Balungi na maji yake mama ayaache kwa muda anaotumia vidonge. Akiona misuli inauma bila ya sababu, au mkojo umegeuka rangi ya chai nzito, aende hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho ni popoo. Kama mama ni mtu wa tambuu, asidanganywe na anayesema popoo ina polifenoli. Inazo, tena nyingi, na pamoja na hayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hasa ya kinywa.

Nimalizie kwa utaratibu wa kufuata. Atovastatini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kama usiku husahau, anywe asubuhi pamoja na dawa ya presha. Lenye maana ni kunywa kila siku. Baada ya wiki sita mpaka nane tangu alipoanza kunywa bila ya kuruka, apimwe tena mafuta ya damu, na vipimo vya ini vitazamwe pamoja. Achukue karatasi ile ya kwanza aende nayo, na amwambie daktari kila anachokinywa, maji ya karafuu yakiwemo, kwa sababu madaktari wengi hatuulizi na wagonjwa wengi huona haya kusema. LDL ikiwa imeshuka chini ya 3, mwambie mama akuonyeshe karatasi zote mbili kwa pamoja, na mumwite jirani naye azione.